Kabla Hujanunua Uzi wa Kipupwe

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Oktoba, wabunifu wa mavazi ya kufuma wa Ulaya na Marekani hutoa mitindo yao mipya. Kwao majani yanapukutika na masweta yanashushwa kabatini. Kwetu kipupwe kinakuwa kimeshatuaga: Makete na Njombe watu wanaandaa mashamba, Limuru jua limerudi, na sweta lililovaliwa Juni limekwisha kufuliwa na kukunjwa. Kwa hiyo wengi tunaofuma tunaitazama mitindo ile kwenye simu, tunaisifu, tunaipita. Mimi nasema huo ndio wakati wetu hasa. Anayechagua mtindo Oktoba ana miezi minane kabla baridi haijarudi, na sweta la mtu mzima linalofumwa kwa mkono, jioni kwa jioni baada ya kazi na mapishi, linaihitaji miezi hiyo.

Swali ni achague upi, na hapo ndipo nisipokubaliana na mazoea yetu. Tunachagua kwa picha. Binti amesimama ufukweni, upepo unavuma, sweta limemteremka begani, na sisi tumeshaanza kuulizia bei ya uzi. Picha haifumwi. Kinachofumwa ni maelekezo: kurasa kadhaa za namba, vifupisho na mchoro wa miraba ambazo mnunuzi hazioni mpaka amelipa. Katika mitindo inayotoka misimu hii iko mizuri machoni iliyoandikwa ovyo, na iko isiyovutia sana pichani iliyoandikwa na mtu anayemheshimu mfumaji. Tofauti hiyo inajulikana mapema ukijua pa kutazama.

Pa kwanza ni hesabu ya vitanzi. Maelekezo ya kweli hueleza vitanzi vingapi vinaingia katika sentimita 10 za kitambaa, na mistari mingapi inaingia katika sentimita 10 za urefu. Tuseme sweta ni la kifua cha sentimita 100, na hesabu ni vitanzi 18 kwa sentimita 10. Mwili mzima unakuwa na vitanzi 180. Mfumaji mwenye mkono wa kukaza akipata vitanzi 20 mahali pa 18, vitanzi vilevile 180 vitampa sentimita 90. Hajakosea hata kitanzi kimoja, amefuata kila neno, na bado sweta halimwingii aliyekusudiwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sindano zetu ni za kila namna. Kuna wanaofumia sindano za dukani, na kuna mamia ya wasichana na wanawake vijijini wanaofumia spoku za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe. Spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Mtindo wa Denmaki ukisema sindano ya milimita 5 na ukaishia hapo, huyo mwenye spoku umemwacha gizani. Ukimpa hesabu ya vitanzi, anaweza kufuma kipande cha kiganja kimoja kwa kimoja, akakifua, akakianika, akakipima kwa rula ya mtoto wa shule, kisha akajua sweta lake lianze na vitanzi vingapi. Kwa hiyo ninapoona mtindo unaouzwa kwa kutaja unene wa sindano tu, bila hesabu, siununui, hata kama sweta lenyewe limenifurahisha.

Na kipande hicho kifuliwe kweli. Uzi tunaouziwa sokoni mara nyingi ni akriliki, wakati mitindo mingi ya kaskazini imebuniwa kwa sufu ya kondoo. Sufu ikilowa hulegea, hunyooshwa juu ya taulo, hukauka ikiwa imeshika umbo uliloipa. Akriliki haikubali hivyo. Ikitoka majini hurudi kama ilivyokuwa, na ukiipiga pasi ya moto hunyong'onyea isirudi tena. Mtindo wa matundu matundu ambao picha yake imekunjuka kama utando utabaki umejikunyata ukiufuma kwa akriliki. Mtindo wa mistari, wa misokoto, au wa rangi mbilimbili hauna shida hiyo. Mbunifu mwenye kujali hulisema hili kwenye ukurasa wa kwanza.

Katika kuyapima maelekezo, mimi humrudia mbunifu wa masweta Elizabeth Zimmermann. Alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akasoma sanaa Uswisi na Ujerumani, akahamia Marekani mwaka 1937 na kuishi miaka mingi Wisconsin. Magazeti ya huko yalipenda masweta yake lakini yaliyaandika upya maelekezo yake ili yafanane na mazoea ya wakati ule, vipande vilivyofumwa mbalimbali na kushonwa. Yeye alikuwa anafuma kwa kuzunguka, bila kushona. Mwaka 1958 akaanza jarida lake mwenyewe, na mwaka 1971 akatoa kitabu chake maarufu, Knitting Without Tears. Alifariki mwaka 1999, na hadi leo wafumaji wanatumia asilimia zake.

Asilimia hizo ni rahisi kiasi kwamba naziweka hapa zote zinazohitajika. Mzingo wa mwili ndio mia kwa mia. Kwenye mfano wetu ni vitanzi 180. Kiganjani, pindo la mkono ni asilimia 20, yaani vitanzi 36. Juu ya mkono, karibu na kwapa, ni asilimia 33 au zaidi kidogo, kama vitanzi 60. Kila kwapa huachiwa asilimia 8, vitanzi 14. Shingo hubaki na asilimia 40, vitanzi 72. Mtu akishika namba hizo nne anaweza kulifuma sweta la kumtosha yeyote, kwa uzi wowote, kwa sindano yoyote, spoku ikiwemo. Mtoto ndiye anayehitaji uangalifu kidogo: kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na kifua, hivyo shingo huongezwa vitanzi vichache au huachwa na mwanya wa kifungo begani.

Zimmermann aliwaambia wafumaji sababu ya kila hatua, na akawaachia waamue. Ninapofungua mtindo mpya natafuta roho hiyo. Je, mbunifu ananieleza kwa nini mgongo una mistari mingi kuliko kifua? Anasema nifanye nini mvaaji akiwa na matiti makubwa, au mikono mifupi? Au ananiamrisha tu: punguza kitanzi kimoja kila mstari wa sita, mara kumi na moja, basi?

Sasa mitindo yenyewe.

Ninachokipenda kuliko vyote katika misimu hii ni kurudi kwa sweta lenye duara la rangi mabegani. Watu wengi wanalijua kama sweta la Iceland, na kweli huko ndiko lilikojulikana zaidi. Lilienea katikati ya karne ya 20, si vazi la mababu wa kale kama matangazo yanavyopenda kusema. Mwaka 2020 Iceland ilililinda jina lake kisheria: likiuzwa kwa jina hilo, liwe limefumwa kwa mkono huko huko, kwa sufu ya kondoo wa huko. Uzuri wake kwa mfumaji ni kwamba kazi ngumu iko mahali pamoja. Mwili ni mrija wa rangi moja, mikono ni mirija miwili, unaweza kuifuma huku ukisikiliza redio au ukimsimamia mtoto masomo. Kisha mirija yote mitatu inaunganishwa kwenye sindano moja, na hapo ndipo mapambo yanapoanza, huku vitanzi vikipungua kila baada ya mistari kadhaa kuelekea shingoni.

Duara zuri kuliko yote niliyoyaona lilitoka Uswidi, na historia yake inatuhusu zaidi kuliko ya Iceland. Mwaka 1939 Emma Jacobsson, mke wa gavana wa mkoa, alianzisha Bohus Stickning katika eneo la Bohuslän. Waume wa huko walikuwa wakata mawe, kazi ikawa imekufa, na wake zao walikuwa wakitafuta namna ya kuleta fedha nyumbani. Kazi ya kwanza ilikuwa soksi na glovu za kawaida. Baadaye wakaajiriwa wabunifu, akiwemo Anna-Lisa Mannheimer Lunn ambaye sweta lake la buluu, Blå Skimmer, la mwaka 1947, bado linafumwa leo. Siri yao ilikuwa ndogo: katikati ya mstari wa rangi mbili waliingiza hapa na pale kitanzi cha nyuma upande wa mbele. Kitanzi hicho huacha nundu ndogo, na nundu ya rangi moja hukalia rangi ya mstari wa chini yake. Ukisimama mbali, rangi tano zinaonekana kumi. Masweta hayo yaliuzwa hadi Marekani kwa bei ya juu, mpaka kampuni ilipofungwa mwaka 1969.

Angalia mpangilio ule. Wabunifu wachache waliolipwa kubuni, maelekezo yaliyoandikwa kwa makini, nyuzi zilizopimwa na kupewa kila mfumaji nyumbani kwake, na ukaguzi mkali wa kazi inaporudi. Vikundi vyetu vya akina mama vina wafumaji hodari wasio na idadi. Wabunifu wanaolipwa na maelekezo yaliyoandikwa ndivyo vinavyokosekana. Nitarudi hapo.

Kwenye mitindo ya duara ya msimu, kagua mambo mawili. La kwanza, nyuma ya shingo. Shingo ya binadamu imeinamia mbele, kwa hiyo sweta linalolingana mbele na nyuma humkaba mvaaji kooni na kumwacha wazi mgongoni. Mbunifu mzuri anaongeza mistari mifupi inayofumwa mgongoni pekee ili kuinua nyuma. Maelekezo yakiwa hayana mistari hiyo, jua hilo sweta litavutwa chini kwa mbele siku nzima. La pili, nyuzi zinazopita nyuma ya mapambo. Rangi isiyotumika hupita upande wa ndani ikisubiri zamu yake. Ikipita zaidi ya sentimita 2 au 3 bila kushikwa, kidole cha mtoto kitanasa pale kila anapovaa, na ndani ya wiki mbili uzi umechomoka. Kwa sababu hiyo mafundi wa visiwa vya Shetland hupenda mapambo madogo madogo, rangi mbili tu katika kila mstari.

Baada ya duara, kuna yale masweta mapana. Kwa miaka kadhaa sasa wabunifu, hasa wa Denmaki, wametoa masweta ya rangi moja yenye nafasi ya sentimita 20 au 30 kuzidi kifua cha mvaaji. Nayaheshimu kwa jambo moja: maelekezo yake mara nyingi ni safi, na anayeanza kufuma anafika mwisho. Kwa matumizi yetu siyapendekezi. Hula uzi mwingi, na uzi ndiyo gharama kubwa ya sweta la mkono. Nyumba zetu za baridi hazina mashine za kupasha joto. Joto linatokana na nguo inayokaa karibu na mwili, na koti au khanga juu yake. Mama anayepika kwenye jiko la mkaa hahitaji mkono wa sweta unaoning'inia juu ya moto. Ukiupenda mtindo wa namna hiyo, tumia zile asilimia za Zimmermann, upunguze upana hadi sentimita 5 au 8 za nafasi, ubaki na umbo la shingo lililokuvutia.

Vizibao visivyo na mikono vimerudi pia, na navikaribisha kwa mikono miwili. Havina mikono ya kufuma, vinamaliza uzi nusu, vinavaliwa ofisini juu ya shati kuanzia Arusha hadi Nakuru bila mtu kutoka jasho saa sita mchana. Vile vitambaa vidogo vya shingoni vyenye ncha mbili, ambavyo mbunifu PetiteKnit wa Denmaki alivipa umaarufu kwa Sophie Scarf yake, ni somo la kwanza zuri kuliko somo lolote ninalolijua. Unaanza na vitanzi vichache, unafuma mshono mmoja tu wa matuta, unaongeza upande mmoja polepole mpaka katikati, kisha unapunguza vilevile. Mkono unajifunza kuongeza, kupunguza na kuweka ukingo nadhifu, na uzi wenyewe ni donge moja au mawili. Kofia zinazofunika masikio na shingo ni nzuri kwa watoto wa Kinangop na Kitulo ambako umande huganda asubuhi. Makola ya marinda na mafundo ya utepe mimi nayaacha yapite.

Kuhusu mohea nina mengi zaidi. Mohea ni manyoya ya mbuzi wa Angora, na mtindo wa sasa ni kufuma uzi wake mwembamba, uliochanganywa na hariri, pamoja na uzi wa sufu. Sweta linatoka na ukungu wa manyoya kama matunda ya mfyulisi. Ni jepesi na lina joto la ajabu. Lakini ukikosea, kufumua ni mateso, maana vinyweleo vimeshikana. Na nyumba ya moshi na vumbi haiwi rafiki yake. Nisingemshauri mfumaji mchanga aanzie hapo.

Kinachonigusa ni asili yake. Karibu nusu ya mohea yote duniani inatoka Afrika Kusini, na Lesotho ni mzalishaji mkubwa anayeifuata. Uzi unaosifiwa kuwa wa Skandinavia umeanzia mgongoni mwa mbuzi wa Karoo. Na mji wa bandari wa Gqeberha, zamani Port Elizabeth, ambako mohea nyingi hupitia, ndiko alikozaliwa Laduma Ngxokolo.

Ngxokolo alijifunza kufuma kwa mashine kutoka kwa mama yake. Akiwa chuoni, mwaka 2010, alijiuliza jambo moja. Kijana wa Kixhosa akitoka jandoni hutakiwa kuvaa nguo mpya za heshima kwa miezi kadhaa, na sweta zuri ni sehemu ya mavazi hayo. Masweta yenyewe yalikuwa ya mitindo ya Uskoti na Uingereza. Yeye akachukua mapambo ya shanga za Waxhosa, miraba na pembetatu zake, akayahamishia kwenye mchoro wa kufuma, kwa sufu ya merino na mohea ya Afrika Kusini. Kazi hiyo ikawa chapa yake, MaXhosa. Mwaka 2017 sweta lake liliwekwa katika maonyesho ya mavazi kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Mwaka 2018 soksi zenye mapambo yanayofanana mno na yake zilionekana zikiuzwa na kampuni ya mavazi ya Zara. Alilalamika hadharani, na zikaondolewa sokoni.

Kwangu huyu ndiye mbunifu aliyetoa jibu bora kwa swali la mtindo mpya utoke wapi. Hakungoja msimu wa mtu mwingine. Alitazama vazi ambalo watu wake walikuwa wanalihitaji kwa tarehe inayojulikana, akatazama mapambo waliyokuwa nayo tayari, akahesabu vitanzi.

Nalisema hili kwa sababu soko la mitindo limejaa hadithi za uongo, na hadithi hizo humnyima haki mwenye kazi. Mfano ni masweta meupe ya misokoto ya visiwa vya Aran, Ireland. Mpaka leo yanauzwa kwa maelezo kwamba kila ukoo ulikuwa na msokoto wake, ili mvuvi akizama maiti yake itambulike. Si kweli. Masweta hayo ni ya karne ya 20, na hadithi ya maiti inafuatiliwa hadi kwenye tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, ambamo dada wa marehemu anamtambua kaka yake kwa vitanzi vya soksi aliyomfumia mwenyewe. Msokoto hauhitaji maiti ili uwe mzuri. Na ukweli wa wafumaji wa kaskazini una uzito wa kutosha: huko Shetland, tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza mwaka 1872 ilikuta wanawake wanaofuma shali wanalipwa na wenye maduka kwa chai na vitambaa, si kwa fedha taslimu. Aliyefuma usiku kucha hakuweza kununulia jasho lake unga alioutaka.

Dhuluma hiyo imebadilisha sura tu. Siku hizi maelekezo ya sweta huuzwa mtandaoni kwa dola 6 hadi 9 hivi, mengi kupitia Ravelry, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 2007 na sasa una wanachama mamilioni. Kabla ya kuuzwa, hujaribiwa na wafumaji wa kujitolea wanaonunua uzi wao wenyewe, wanafuma sweta zima ndani ya muda mfupi, wanasahihisha makosa ya mbunifu, na malipo yao mara nyingi ni nakala ya bure ya maelekezo. Nadhani anayejaribu angalau arudishiwe fedha ya uzi. Kwa upande wetu nasi, faili moja hununuliwa na mtu mmoja na kusambazwa kwenye makundi ya simu ya watu mia mbili. Najua dola 8 ni fedha nyingi kwa mfumaji wa Lushoto. Yapo maelekezo mengi ya bure, yaliyotolewa bure na wenyewe. Tuanze na hayo, na yale ya kuuzwa tuyanunue kwa kuchanga kama mbunifu anaruhusu, la sivyo tuyaache.

Kuna balaa jipya zaidi. Picha nyingi za masweta, kofia na wanasesere zinazozagaa sasa zimetengenezwa na kompyuta. Vitu hivyo havijawahi kufumwa na mtu yeyote, na maelekezo yanayouzwa pamoja nazo hayafiki popote. Zinatambulika. Kuza picha kwa vidole viwili, fuata mstari mmoja wa vitanzi kutoka ukingo hadi ukingo: kwenye sweta halisi mstari unaendelea, kwenye picha ya uongo unayeyuka katikati au unagawanyika mara mbili bila sababu. Tafuta picha ya mgongo na ya upande wa ndani. Tafuta picha za watu wengine waliolifuma, wa miili tofauti. Tazama orodha ya saizi: wabunifu makini wa sasa huandika kuanzia kifua cha sentimita 75 hivi hadi 150, na kwa kila saizi huonyesha uzi unaohitajika. Tangazo lenye picha moja, bila saizi wala hesabu ya vitanzi, lipite.

Nimesema nitarudi kwenye vikundi vyetu. Nenda soko lolote la nyanda za juu Mei ikikaribia, utamkuta fundi wa masweta ya watoto ameketi nyuma ya rundo lake, mikono haitulii. Mteja anamleta mtoto. "Hebu geuka, mwanangu," fundi anamwambia, anaweka kiganja mgongoni, kutoka bega hadi bega, kisha kutoka shingo hadi kiuno. Hapo ameshapima. Hana karatasi. Anajua mtoto wa kiganja kimoja na nusu anaanza na vitanzi vingapi, anajua kuongeza urefu wa mkono kwa ajili ya mwaka ujao na kuukunja, anajua kuweka sehemu ya kiwiko kwa uzi maradufu maana ndipo panapotoboka. Hayo ya kiwiko sijayaona kwenye mtindo wowote wa Ulaya wa msimu huu, na ni ubunifu wa kweli, umetokana na watoto wanaotambaa kwenye sakafu ya saruji na kupanda miti.

Ujuzi huo hauna jina la mwenyewe popote. Fundi akizeeka macho, unaondoka naye. Kiwanda cha masweta ya shule kikija na mashine zake, kinamshinda kwa bei, ingawa sweta la mashine halimkai kila mtoto wala kiwiko chake hakidumu. Bado wabunifu wa kaskazini wanauza kwa dola maelekezo ambayo nusu yake yeye anayajua kwa kiganja.

Kwa hiyo ombi langu kwa vikundi vya kufuma, kwa vyuo vya ufundi, na kwa magazeti kama hili lenye ukurasa wa familia, ni kwamba msimu ujao tutoe mitindo yetu, iliyoandikwa. Tuanze na sweta moja la mtoto. Saizi nne: kifua cha sentimita 55, 60, 65 na 70. Akriliki ya sokoni, kwa hesabu ya vitanzi na si kwa unene wa sindano tu, ili mwenye spoku asiachwe. Mchoro wa miraba unaosomeka kwenye simu ndogo. Mapambo yatoke kwenye kiondo, kwenye ukili wa mkeka wa Pemba, kwenye pindo la khanga. Yote hayo yameshapangwa kwa miraba na pembetatu, na yanaingia kwenye kufuma bila kulazimishwa. Kiwiko maradufu kielezwe, mkono wa kukunja uelezwe, na sababu zake zielezwe.

Wanne au watano wajaribu kila saizi, na walipwe uzi wao. Maelekezo yauzwe kwa bei ya soda mbili, yalipiwe kwa simu, na jina la fundi aliyeyabuni liwe juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kuliko jina la kikundi. Yakitoka Oktoba, mtoto wa Makete atalivaa sweta lake Juni.